Chumvi ilivyonichezea mizani

Bakteria wangu walitoka kwenye mashamba ya chumvi ya Gongoni, kaskazini mwa Malindi. Ni wa jamii ya Halomonas. Ukiwapa sukari tele huku ukiwabania naitrojeni, huacha kuzaana na kuigeuza ile sukari kuwa punje za PHB, plastiki inayooza, wakazihifadhi mwilini kama akiba. Mfaransa Maurice Lemoigne aliieleza tangu miaka ya 1920, kwa hiyo sikuwa nikigundua kitu. Kazi yangu ilikuwa kujua akiba imejaa lini, nivune.

Nilianza kwa kupima ukungu wa maji kwa spektrofotometa, kifaa kinachopima mwanga unaopenya kwenye sampuli. Naitrojeni ilipokwisha, ukungu uliendelea kupanda, nami nikafurahi kwamba wanazaana. Kuwaotesha kwenye sahani na kuwahesabu, idadi ni ile ile ya jana! Kumbe punje nazo hutawanya mwanga. Miili ilikuwa imenenepa tu.

Lakini kilichonitesa hasa ni mizani. Ili nijue uzito wa bakteria, nilizungusha sampuli kwenye sentrifuji, mashine inayowakusanya chini kama tonge, nikalikausha tonge hilo, nikapata miligramu 130. Fundi wa maabara, mzee wa makamo, akautazama ule unga unaometameta, akacheka. "Mwanangu, hapo umepima chumvi."

Nikaosha kwa maji yasiyo na chumvi. Kosa juu ya kosa: maji yaliwaingia kwa kasi, wakapasuka, nikabaki na ute kama mlenda.

Mzee ndiye aliyenionyesha njia. Osha kwa maji ya chumvi unayoijua kipimo. Mimi nilitumia gramu 80 kwa kila gramu 1,000 za maji. Pima tonge likiwa bichi, likaushe, pima tena. Tofauti ni maji yaliyopotea. Likipoteza nusu gramu ya maji, limebakiwa na miligramu 40 za chumvi. Zitoe kwenye 130: bakteria ni 90. Hesabu ya darasa la saba, na mimi nilikuwa nimepoteza wiki tatu.

Kupima PHB yenyewe kulikuwa na njia iliyozoeleka. Unayeyusha seli kwa dawa ya kung'arishia nguo, unaosha mabaki kwa asetoni, unaichota plastiki kwa klorofomu ya moto, kisha unaichemsha kwenye asidi kali ya salfuriki hadi iwe asidi ya krotoniki, unayoisoma kwa mwanga wa urujuanimno wenye urefu wa wimbi wa nanomita 235. Hapo nako nilikosea mara moja: niliweka sampuli kwenye kyuveti (kichupa cha kupimia) ya plastiki, ambayo kwenye mwanga huo ni kama ukuta. Lazima iwe ya kwatzi.

Kazi hiyo humaliza siku nzima, kwa hiyo kila jioni nilitia tone la rangi ya naili redi na kutazama kwa hadubini ya mng'ao. Punje huwaka rangi ya chungwa. Rangi hiyo hushika hata mafuta, basi nikaitumia kama dalili, si kipimo. Jioni ya tatu ziliwaka kuliko siku zote. Ya nne zikafifia. Sukari ilikuwa imekwisha, wenyewe wakaanza kula akiba.

Sasa nazimua maji kidogo na kuyapima kwa vijiti vya kupimia sukari kwenye mkojo. Sukari ikikaribia kwisha, navuna usiku huo huo. Dada wa duka la dawa ameshanizoea. Kila nikienda kununua huniuliza kwa upole, "Mgonjwa anaendeleaje?"