Nani kaamua iwe sr1?

"Imeamua tu kuwa sr1." Ndivyo nilivyomjibu mpwa wangu siku ya Jumanne, alipouliza kwa nini draivu yetu ya CD ya USB, ambayo Linux huiita sr0, imegeuka sr1, naye akaniuliza taratibu: "Mjomba, nani kaamua?" Wiki hii Bibi karudi kutoka hospitali, mabati yamefika, lakini mimi bado nimeganda hapo hapo. Nani kaamua? Jibu la kivivu vile, kwa mtoto anayeuliza vizuri.

Jibu lilikuwa kwenye `dmesg`, yaani kumbukumbu ya ujumbe wa kerneli (kiini cha Linux), muda wote. Kwanza `USB disconnect, device number 7`, kisha draivu ileile inarudi ikiwa namba 8, na chini yake `Attached scsi CD-ROM sr1`. Kumbe ilikata moto. Draivu hizi nyembamba zikianza kuzungusha diski huvuta umeme mwingi kwa mkupuo, na tundu la USB 2.0 mwisho wake ni miliampia 500. Ule waya mrefu wa bei ya bure ndio uliomaliza kazi. Iliporudi ikakuta jina la sr0 bado limeshikwa, maana diski ya harusi tuliipachika (mount) kwenye folda ya `/media/cdrom0` na hakuna aliyeibandua. Kerneli haigawi jina lenye mwenyewe, ikaipa linalofuata.

Ndiyo sababu njia ya mkato `/dev/cdrom` nayo ilitoweka: kanuni za udev (programu inayoandaa majina ya vifaa) za siku hizi hukielekeza kiungo hicho kwa sr0 peke yake. Tukawa tunapachika hewa.

Amri ya kubandua, `sudo umount /media/cdrom0`, ikagoma, ati `target is busy`. `sudo fuser -vm /media/cdrom0` ikamtaja mshikaji: bash, programu inayopokea amri ndani ya teminali. Nikacheka peke yangu usiku. Teminali ya mjomba mtu ilikuwa imekaa ndani ya folda ya diski tangu jana yake! `cd ~`, umount ikakubali, nikachomoa, nikachomeka kwa waya mfupi tundu la nyuma. sr0 hiyo. Kwenye fstab (faili la orodha ya diski za kupachika) nimeifuta `/dev/sr0`, nimeweka njia ya `/dev/disk/by-id/`, inayobeba modeli na namba ya draivu yenyewe, kwa hiyo sifuri au moja haitatuhusu tena.

Kesho nitamwonyesha mstari kwa mstari. Hiyo bash nitaitaja mwisho.

Mabati yamelala uani bila misumari, na tangu alasiri wingu limetanda.