Hedhi yangu na daftari la madeni

Ninauza dagaa pale soko la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, mahali ambapo kila mwanamke ni daktari. Hedhi yangu ilipozidi kuwa nzito, mmoja aliniagiza juisi ya rosela, mwingine akasema kwamba kwa umri wangu wa miaka 46 damu inaaga tu, na shoga yangu akaapa kuwa kitanzi, kile cha uzazi wa mpango kinachowekwa ndani ya kizazi, ndicho kilichomponya. Nikaenda kuwekewa kitanzi bila kuuliza ni kipi. Cha kwake kilikuwa cha homoni. Nilichowekewa mimi kilikuwa cha shaba, ambacho huweza kuongeza damu ya hedhi, na mhudumu aliyekiweka hakuniuliza lolote kuhusu siku zangu. Mwezi uliofuata nilitoka damu siku 12, nikawa nafunga kanga mbili kiunoni, na jioni moja nilibaki nimekaa juu ya gunia la dagaa mpaka soko zima likaondoka, kwa kuwa sikuthubutu kuinuka mbele ya watu.

Ujanja ulioniokoa ni wangu mwenyewe. Kwenye kurasa za nyuma za daftari la madeni nilianza kuhesabu pedi kwa vijiti vilevile ninavyohesabia ndoo za dagaa, na kila bonge la damu nikalichora kwa ukubwa wake. Daktari alipolifungua alicheka kwanza, kwa kuwa jina la shoga yangu na deni lake lilikuwa limejipenyeza katikati ya hedhi. Kisha akaona pedi 9 kwa siku na mabonge yanayoizidi sarafu ya shilingi 200, akanyamaza. Wingi wa damu ulikuwa gramu 7, wakati mwanamke anatakiwa kuwa na angalau 12, na ultrasaundi ilionyesha uvimbe mdogo kwenye ukuta wa kizazi.

Nilidhani ataniambia kizazi kitolewe. Alisema hiyo ni hatua ya mwisho, akachukua kinyama kidogo cha utando wa ndani kupima saratani (hapo sikulala kwa majuma mawili, majibu yakarudi safi), akaondoa shaba na kuweka kitanzi cha homoni, ambacho huufanya utando huo kuwa mwembamba. Alinipa pia vidonge vya traneksamiki, vya kupunguza damu, vya kumeza siku za damu tu, baada ya kuhakikisha kwamba sijawahi kuganda damu mguuni, na vya madini ya chuma, ambavyo nilikuwa nikivimeza kwa chai mpaka nesi akanigombeza: chai huzuia chuma kuingia mwilini.

Gharama zilikula faida ya msimu karibu wote. Matone yaliniandama miezi minne, kisha yakakoma. Shoga yangu anajigamba hadi leo kwamba ni yeye aliyenishauri kitanzi, na deni lake bado halijafutwa daftarini.