Kozi, Sumu na Mashamba Yetu ya Uwele

Wengi wanaosimulia jinsi kozi, ndege mwindaji ambaye wataalamu humwita Falco peregrinus, alivyorudi baada ya kupungua sana, husifu zaidi vifaranga waliolelewa na watu kisha wakaachiwa porini. Kwa maoni yangu sifa ya kwanza ni ya sheria iliyozuia sumu, na jambo hilo linatugusa sisi wa Dodoma tunaolima uwele.

Ndege huyu hakukosa uwezo wa kujitafutia. Akijirusha kutoka juu kumfuata njiwa, mwendo wake hupita kilomita 300 kwa saa. Kilichomwangusha ni DDT, dawa ya kuua wadudu iliyonyunyizwa kwa wingi mashambani Marekani na Ulaya baada ya Vita Kuu ya Pili. Ndege wadogo walikula wadudu wenye sumu, kozi akala ndege hao, na katika kila hatua sumu ilizidi kujilimbikiza katika mafuta ya mwili. Haikumuua papo hapo, bali ilizuia kalsiamu isifike ya kutosha kwenye ganda la yai, hata jike aliyeatamia kama kawaida akayavunja mayai yake kwa uzito wa mwili wake mwenyewe. Mwaka 1967 Derek Ratcliffe, mtafiti wa ndege wa Uingereza, baada ya kulinganisha mayai mapya na ya zamani yaliyotunzwa na wakusanyaji, alionyesha kwamba maganda yalianza kuwa membamba katika miaka ya 1940. Kufikia katikati ya miaka ya 1960, mashariki ya Marekani hapakuwa tena na jozi iliyokuwa ikizaa.

Marekani ilipiga marufuku matumizi ya DDT mashambani mwaka 1972. Tom Cade, mtaalamu wa ndege wa huko, na wenzake walikuwa wameanza kuwazalisha kozi kwa kuwafuga; makinda yaliwekwa katika masanduku juu ya majabali au minara na kulishwa bila kumwona mtu, mpaka yalipojua kuwinda. Mwaka 1975 zilijulikana jozi 324 tu Amerika ya Kaskazini, lakini kozi alipoondolewa katika orodha ya viumbe walio hatarini mwaka 1999, Marekani na Kanada zilikuwa na jozi zisizopungua 1,650. Makinda hayo yangeachiwa katika mashamba yenye DDT, kazi yote ingeishia kwenye mayai yaliyopasuka.

Tanzania ina kozi wanaoishi kwenye majabali mwaka mzima, na wengine huja kutoka kaskazini ya mbali wakikimbia baridi. Hapa kwetu hofu yangu ni fenthioni, dawa inayonyunyizwa kwa eropleni juu ya malalo, yaani mahali wanapolala usiku, ya kweleakwelea, ndege wadogo wanaovamia nafaka kwa makundi. Hii si kama DDT: huvuruga mishipa ya fahamu na kuua upesi, na tai au kozi anayeokota kwelea anayepepesuka huila pamoja naye. Simwambii mkulima avumilie. Kwelea mmoja huharibu takribani gramu 10 za nafaka kwa siku, na kundi la milioni moja humaliza tani 10, hasara ambayo mtoto mwenye kombeo anayeamia shamba tangu alfajiri hawezi kuizuia.

Lakini Kondoa watu wamekuwa wakiwatega kwelea kwa mitego ya kusukwa kwa majani, wakawala na kuwauza. Nyavu zikitandazwa penye malalo usiku huvua wengi zaidi, na nyama yake huliwa bila wasiwasi, tofauti na ya kwelea waliopigwa dawa. Malalo madogo yaliyo karibu na vijiji ndiyo ningependa yaanze kushughulikiwa kwa njia hiyo, kabla ya kuita ndege ya kunyunyizia.