Liko wapi kwenye andiko? Habari za chuo chetu cha Biblia hapa Malindi

Haya jamani, semista ishafika katikati na wenzetu wa modula mlioko Marafa, Langobaya na Kakoneni mmekuwa mkiniuliza kwa wasapu chuo kunaendaje, basi nimeona niandike mara moja kila mtu asome. Nitaanza na habari za kawaida halafu niingie kwenye jambo ambalo hasa ndilo nataka kulisema, na hilo ndo refu, mnivumilie.

Kwa wasiotujua, sisi ni chuo kidogo cha Kikristo, madarasa machache, laibrari, jiko, na mwembe ambao ndo ukumbi wetu wa mikutano. Wanaolala hosteli ni wachache. Wengi wetu ni wa jioni au wa modula, yaani mtu anakuja anasoma wiki mbili mfululizo asubuhi mpaka jioni halafu anarudi kwake na mzigo wa asaimenti mpaka modula ijayo. Darasani kwetu kuna dereva wa tuktuk, kuna mvuvi, kuna mama auzaye mboga sokoni, kuna msichana aliyemaliza fomu foo juzi juzi, na kuna mzee mchungaji wa kanisa la mabati huko Ganda ambaye alianza kuhubiri kabla baadhi yetu hatujazaliwa na ndo kwanza amekaa kwenye benchi la shule ya Biblia. Wote tunafanya mtihani ule ule wa kati ya semista (CAT), na wote tunatoka jasho sawasawa manake feni ya darasa la chini bado haijatengenezwa.

Tangi jipya la maji lishafungwa nyuma ya jiko, kwa hivyo ile kazi ya kubeba ndoo alfajiri imepungua, ingawa mfereji ukikatika siku kadhaa tangi nalo linakauka. Uchaguzi wa viongozi wa wanafunzi umekwisha kwa amani na mwenyekiti safari hii ametoka kwa wanafunzi wa jioni, jambo ambalo halijawahi kutokea, na nafurahi sana kwa sababu watu wa jioni ndo wengi na shida zao zilikuwa hazisikiki. Fii, yaani karo, bado ni mlima. Wengi wetu hatuna ufadhili wala mkopo, ni kanisa la nyumbani linafanya harambee, tunatuma kidogo kidogo kwa M-Pesa na kupeleka risiti ofisini, na wale wa mashambani wanangoja mahindi yauzwe kwanza. Viongozi wapya wameomba mtu asifukuzwe mtihani kwa ajili ya salio dogo na mkuu wa chuo amesema atalipeleka kwa bodi. Tunangoja.

Ramadhani nayo imeangukia ndani ya semista, na mwajua chuo chetu kimezungukwa na majirani Waislamu pande zote. Darasa la jioni lilikuwa likianza saa kumi na mbili, sasa Ramadhani saa hiyo hupati tuktuk hata ufanyeje, madereva wako nyumbani wanangoja adhana wafuturu, na wenzetu wa Muyeye na Kisumu Ndogo walikuwa wakifika darasa lishaenda nusu. Basi darasa limesogezwa mpaka saa kumi na kila mtu ameridhika. Jikoni kumetundikwa pazia mlangoni, chai na mandazi tunanywa ndani mchana, hakuna anayetoka na kikombe barabarani, na hilo hakuna mwalimu aliyetuamuru, ni wanafunzi wenyewe walikubaliana. Na jioni yule mama jirani wa nyumba ya ukuta wa kijani hutuletea sinia, muhogo wa nazi, kaimati, siku nyingine tambi, anagonga geti anasema wanangu njooni mpokee. Sisi Krismasi tulimpelekea pilau. Hivi ndivyo tunavyoishi hapa na natamani watu wanaousikia mji wetu kwa habari mbaya tu wajue na hili.

Habari kubwa ya chuo ni hii: walimu wamekubali asaimenti na mitihani iandikwe kwa Kiswahili au Kiingereza, utakavyo. Mwaona, vitabu vingi vya laibrari ni vya msaada, vya Kiingereza, vimetoka Marekani na Uingereza, na mwalimu anafundisha kwa Kiswahili vizuri kabisa halafu ukifika mtihani yule mzee wa Ganda, ambaye akisimama kueleza kitabu cha Warumi unasahau hata njaa, anakaa na kalamu anatafuta Kiingereza cha kusema kile anachokijua. Alikuwa anapata alama za chini na mimi ilikuwa inaniuma. Katika kikao cha chini ya mwembe, mwanafunzi mmoja alisimama akakumbusha kitu tulichosoma kwenye historia ya kanisa, kwamba Krapf, yule mmisionari Mjerumani, alipofika Mombasa mwaka 1844 hakumaliza hata mwaka, alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, na aliyekuwa akimsaidia lugha ni kadhi, Mwislamu. Mwaka huo huo Krapf alizika mke wake na mtoto mchanga pale Mombasa na kazi hakuiacha. Kisha yule mwanafunzi akauliza, ikiwa Mwanzo kiliweza kuandikwa kwa Kiswahili wakati ule, asaimenti ya Mwanzo inashindikana vipi leo? Walimu walitazamana. Wiki mbili baadaye notisi ikabandikwa.

Sasa nije kwenye lile jambo.

Kila Jumanne tuna somo la kuhubiri. Mwanafunzi anapanda mbele, anahubiri dakika kumi, akimaliza hashuki. Anabaki pale pale na darasa linamuuliza. Na kuna sheria moja ya mwalimu, kwamba mtu yeyote, hata aliyeingia chuo jana, hata binti mdogo mbele ya mchungaji mzee, ana haki ya kumuuliza mhubiri, hilo ulilosema liko wapi kwenye andiko? Mhubiri haruhusiwi kukasirika. Haruhusiwi kujibu Roho ameniambia. Anafungua Biblia anaonyesha mstari, na kama haupo anasema haupo.

Wiki iliyopita kijana mmoja, mhubiri mzuri ana sauti na ana moto, alichukua Mathayo 4, Yesu nyikani. Alianza vizuri. Halafu akapanda, akapanda, akafika mahali akasema mtu wa Mungu wa kweli akiwa na haja anafunga bila kula wala kunywa na hafungui mpaka Mungu amjibu, na anayefungua kabla ya jibu ameonyesha imani yake ni haba. Wengine wakaitikia amina kwa mazoea. Alipomaliza, yule mama wa mboga, ambaye kwa kawaida hazungumzi sana, huwa amejifunga leso ameinamia daftari lake, akainua mkono. Akasema polepole, mwanangu, umehubiri vizuri, lakini hilo la kutofungua mpaka ujibiwe, liko wapi kwenye andiko?

Kijana akarudi kwenye Mathayo. Akasoma siku arobaini, akasoma akaona njaa. Akatafuta kwa Luka, akatafuta kwa Matendo. Vidole vilikuwa vinafungua kurasa haraka haraka na sisi sote tukawa tunamsaidia kutafuta, unasikia kurasa tu darasa zima. Mwisho akainua uso akasema, mama, halipo. Mama akamwambia basi tusome Isaya 58, na tukasoma wote kwa sauti pale ambapo Mungu anaeleza saumu anayoitaka yeye, kufungua vifungo vya uovu, kumgawia mwenye njaa chakula chako, kumvika aliye uchi. Mama akakaa. Hakusema zaidi, na hakuna aliyehitaji kuambiwa anafikiria nini.

Kila mtu wa hapa anajua. Aprili 2023 ndo habari za msitu wa Shakahola zilitoka, ndani ya kaunti yetu ya Kilifi, na makaburi yakafukuliwa mpaka miili ikapita 400, watoto wengi wakiwemo, watu walioambiwa na mhubiri wao wafunge mpaka wafe ndo wamuone Yesu. Mji huu uliona familia zikija kutoka kila pembe ya Kenya kupimwa DNA ili miili itambuliwe, na kungoja, wakangoja mpaka mwaka uliofuata, Machi 2024, ndo miili ya kwanza ikaanza kukabidhiwa. Sisi wanafunzi wa Biblia tulikuwa tunapita hapo na vitabu vyetu kwapani. Mpaka leo nikipanda boda nikasema nishushe chuo cha Biblia, kuna siku dereva ananiuliza, nyinyi si kama wale? Siwezi kumkasirikia. Ana haki ya kuuliza na mimi nina deni la kumjibu.

Nimefikiria sana wale watu wa msituni. Hawakuwa wajinga kama watu wanavyopenda kusema, walikuwemo waliosoma na waliokuwa na kazi zao. Walichokosa, kwa nionavyo mimi, ni mahali pa kuinua mkono. Pale ambapo mtu mmoja tu ndo anasema na anayeuliza anaitwa muasi, hata wenye digrii wanaweza kupotea. Ndio maana hii sheria ya Jumanne naiona kubwa kuliko cheti nitakachopewa.

Serikali nayo imekuwa ikilifikiria. Mei 2023 rais aliunda jopokazi chini ya Mchungaji Mutava Musyimi kuangalia sheria za mashirika ya dini, na tangu hapo mjadala wa kama kila mchungaji awe amesomea haujaisha. Watu wanataja Rwanda, ambao mwaka 2018 walipitisha sheria ya kutaka wahubiri wawe na shahada ya theolojia na wakapewa miaka mitano kujipanga. Mimi naunga mkono wachungaji kusoma, ningekuwa wapi kama siamini hivyo, lakini shahada ikiwekwa mlangoni yule mzee wa Ganda anabaki nje, na mama wa mboga ambaye anaongoza ibada ya akina mama kila Alhamisi anabaki nje, na ni yeye aliyemrudisha kijana kwenye andiko. Kinachohitajika huku kwetu ni vyuo vidogo vingi, vya karibu, vya Kiswahili, fii ya kulipika, na ndani yake watu wawe na ruhusa ya kuuliza. Wizara ikitaka kukagua ije ikague, tena Jumanne.

Na kuuliza si kitu kigeni Malindi. Mwezi uliopita mwalimu wa historia alitupeleka kwa miguu mpaka lile kanisa dogo la Wareno la paa la makuti, halafu tukaendelea mpaka kwenye nguzo ya Vasco da Gama, baharia Mreno aliyefika hapa 1498. Tukiwa kivulini pale kanisani alituhadithia Francis Xavier, mmisionari Mkatoliki aliyepita Malindi 1542 akienda Bara Hindi. Mwenyewe aliandika kwenye barua kwamba alikutana na Mwislamu mmoja mheshimiwa wa mji, na huyo mzee akamuuliza, je, huko kwenu Wakristo wanasali kwa bidii? Akamwambia hapa tuna misikiti 17 na inayohudhuriwa ni mitatu tu, tena na watu wachache, na lilimsumbua, alitaka kujua kwa nini. Mimi nilisimama pale nikawaza, mwenyeji na mgeni, dini mbili, zama zile za mizinga, na bado mtu anauliza swali la kweli kuhusu imani yake mwenyewe bila kuficha. Yule mwalimu alituachia swali hilo hilo tulijibu kwa makanisa yetu, kurasa tatu, na hiyo ndo asaimenti ya kwanza mzee wa Ganda ameandika kwa Kiswahili. Hajatuonyesha alama lakini tangu arudishiwe amekuwa akiitembeza ndani ya Biblia yake.

Yule kijana wa Mathayo 4 yuko sawa, wengi mmeuliza. Jumapili amehubiri tena kwao Mtangani na ameniambia alirudia andiko lile lile, ila safari hii alimaliza na Isaya 58 na kanisa likachanga unga kwa nyumba mbili za majirani.

Mambo ya kukumbuka: modula ijayo inaanza wiki ya kwanza baada ya Idi, njooni na asaimenti zimekamilika. Wanaokuja kulala hosteli lete neti yako, mbu wamezidi. Misheni ya Marafa iko pale pale, nauli tunachangiana, ongeeni na mwenyekiti. Jumanne hii wa kuhubiri ni mzee wa Ganda mwenyewe. Ameomba asisamehewe kwa ajili ya uzee wake, aulizwe kama mwengine yeyote. Ni saa kumi, darasa la chini. Wa nje mnakaribishwa, na mje na Biblia zenu manake za chuo hazitoshi.