Jinsi nilivyozuia michoro yangu ya friji kupotea mtandaoni

Natengeneza friji Kariakoo, na michoro mingi ya nyaya naipata mtandaoni. Nilikuwa nahifadhi linki za kurasa tu. Baada ya miezi nafungua, ukurasa haupo, na mteja amesimama hapo. Jambo hili ni kubwa kuliko watu wanavyodhani: mwaka 2024 Pew Research Center, taasisi ya utafiti ya Marekani, walionyesha kuwa asilimia 38 ya kurasa zilizokuwepo mwaka 2013 hazikufunguka tena miaka kumi baadaye.

Sasa nahifadhi ukurasa wenyewe. Kwenye Chrome ya simu naingia sehemu ya kushiriki, nachagua kuchapisha, kisha PDF. Kazi yenyewe hasa ni jina la faili: kifaa kwanza, kisha tatizo, mwisho tarehe ikianza na mwaka, mfano “friji-kompresa-haiwaki-2025-03-14”. Simu ikipanga kwa alfabeti, matatizo yanayofanana yanakaa pamoja. Na bando likiisha, bado nasoma.

Kurasa adimu nazipeleka pia kwenye Wayback Machine, tovuti inayohifadhi nakala za kurasa za mtandaoni: unabandika anwani kwenye web.archive.org/save, na nakala hubaki hata mwenye tovuti akiufuta ukurasa. Kwa video, naandika hatua zake kwenye daftari, pamoja na dakika husika.