Fundi wa tatu alianza na shimo

Ufa ulianzia kona ya dirisha, ukapanda kama ngazi kufuata viungo vya tofali mpaka kwenye lenta. Ilikuwa Januari, mvua ya Dodoma imeshakolea, nami nimesimama kwenye tope najaribu kuingiza sarafu ya mia mbili ndani ya ule ufa. Iliingia yote. Jengo lenyewe lilikuwa stoo tu, chumba kimoja cha kuwekea saruji na kulala mlinzi, na lilikuwa na umri wa miezi minne.

Fundi aliyejenga stoo ile ndiye nilitaka aniinulie na nyumba. Nilimpata kirahisi mno. Mimi nilihamia Dodoma mwaka 2017 na wizara, kama wenzangu wengi baada ya serikali kutangaza mwaka 2016 kwamba safari hii inahamia kweli. Nikapanga Area D, nikachoshwa na kodi, nikatafuta kiwanja mbele ya Mkonze, barabara ya Iringa. Shemeji yangu akasema ana fundi. Fundi akaja, akanitajia bei tumesimama barabarani. Ramani hakuiuliza, aliuliza vyumba vingapi.

“Vitatu, kimoja masta.”

“Milioni tatu ufundi mpaka lenta, bosi wangu. Kwa ajili ya shemeji.”

Nikaona nimeokota dodo. Bahati yangu niliamua aanze na stoo.

Nilipomwonyesha ufa alicheka, akasema, “Hizo nyufa za kawaida, plasta itafunika.” Ningeweza kumsamehe ufa. Neno “itafunika” ndilo lililonitoa kwake. Nikamlipa kilichobaki tukaachana bila kelele, ila shemeji alininunia mpaka Pasaka.

Nikafikiria kampuni. Siku hizi makandarasi waliosajiliwa wapo tele hapa mjini, na ukiwa na shaka na mmoja unaweza kuulizia usajili wake kwenye Bodi ya Usajili wa Makandarasi kabla hujatoa hata senti. Lakini makadirio niliyoletewa yalikuwa makubwa kuliko mkopo wangu wa benki, nikayarudisha kwenye bahasha. Nikachukua njia ya katikati: fundi wa mtaani, halafu mhandisi kijana nimlipe kwa ziara. Ziara tatu tu, kabla ya kumwaga zege la msingi, kabla ya mkanda wa juu, na wakati wa kupaua. Kila ziara laki moja na nusu. Katika nyumba nzima sijatoa hela iliyonilipa kama ile, na nasema hivi mimi niliyenunua milango ya mninga.

Sasa fundi. Jumapili baada ya ibada nilianza kutembea Iyumbu, Ilazo na Nzuguni nikitafuta nyumba zilizokwishanyeshewa misimu miwili. Nyumba iliyopakwa rangi jana haisemi kitu, hata ya fundi mbovu inang'aa. Nilikuwa nabisha hodi, najieleza, naomba kuona. Wengi walinikaribisha, maana mtu akishajenga ana hamu ya kusimulia. Niliangalia kona za madirisha, ukuta wa bafuni kwa upande wa nje, na chini kabisa karibu na msingi, pale rangi inapobanduka na kuacha unga mweupe. Ile ni chumvi. Maji mengi ya visima huku yana chumvi, na fundi asiyeweka nailoni juu ya msingi anaiachia ipande ukutani taratibu.

Nzuguni bibi mmoja alinizungusha nyumba yake chumba kwa chumba. Sebule imenyooka, vyumba vya nyuma kuta zina matumbo. “Mwanangu,” akasema, “fundi huyu ni mzuri sana asubuhi. Akishatoka kula mchana, anayerudi ni mtu mwingine.” Namba ya fundi huyo sikuichukua.

Aliyenisaidia kuliko wenye nyumba ni mama ntilie anayewapikia mafundi karibu na maduka ya vifaa. Nilikwenda kula wali maharage mara nne hivi, mpaka akanizoea. Ana daftari la madeni. Fundi asiyewalipa vijana wake anajulikana pale, kwa sababu saidia fundi wake ndio wanaokula kwa mkopo wiki nzima na Jumamosi wanapita njia nyingine. Sikuwa nimefikiria kwamba hilo linanihusu. Mama ntilie akaniambia, “Dada, kijana mwenye njaa unadhani atachanganya zege kwa moyo? Na mfuko wa saruji ukipotea, umepotelea wapi?” Alinitajia mafundi wawili ambao vijana wao hawadaiwi.

Wa kwanza kati ya hao alikuwa na simu nzuri iliyojaa picha. Akanipeleka Kisasa kunionyesha ghorofa aliyosema kajenga. Mwenye ghorofa akatoka, akamsalimia vizuri, akanieleza kwamba kijana huyu alimjengea ukuta wa uzio. Ukuta ulikuwa mzuri, sikatai.

Wa pili alikuwa mtu mzima, mwenyeji wa upande wa Bahi, mfupi, maneno machache. Nilimkuta kiwanjani kabla yangu. Tayari alikuwa amezunguka ile stoo. Nikamsalimia, “Mbukwa, mzee,” kwa Kigogo changu cha kuokoteza, akaitikia huku bado anaangalia ufa. Bei hakutaja. Akaomba jembe na beleshi kwa mlinzi, akachimba shimo pembeni ya stoo, kwenye kile kipande cha mbele ambako ardhi ni nyeusi. Akafika magotini, bado nyeusi. Akachukua donge, akalimiminia maji kidogo ya chupa, akalifinyanga kiganjani, akalisokota mpaka likawa kama kamba ndefu isiyokatika.

“Mama, hii ni mbuga. Mvua ikinyesha inavimba, inanyanyua ukuta. Kiangazi inasinyaa, inauacha unaning'inia. Tofali halijui kuruka.”

Nikakumbuka kwamba mwezi wa tisa nilikuwa naona mipasuko pale chini, mingine inaingia kiganja, nami nikadhani ni jua tu.

Akachimba shimo la pili nyuma, hatua kama 15 kutoka la kwanza. Baada ya shubiri mbili tukakuta udongo mwekundu wenye changarawe. Akauliza Januari maji yanapita wapi. Akauliza maji ya kumwagilia zege nitayatoa wapi, kwa sababu bomba lilikuwa halijafika na boza ni hela. Upepo wa hapa unakausha zege kabla halijakomaa, kwa hiyo kama sina maji ya siku saba mfululizo na magunia ya kufunika, bora nisubiri. Hakuna fundi mwingine aliyeniuliza swali hata moja kuhusu maji.

Ushauri wake ulikuwa kusogeza nyumba nyuma, na pale kona moja ilipobaki kwenye weusi tuutoe wote, tujaze moramu na kuishindilia kwa tabaka, kisha mkanda wa nondo upite chini kuzunguka msingi wote. Mhandisi alipokuja aliongeza unene wa nondo za kona ile, mengine akayaacha yalivyo. Ilibidi turudi halmashauri ya jiji kurekebisha mchoro wa kiwanja kwa ajili ya kibali. Wiki tatu zikaenda hapo.

Bei yake milioni nne na laki mbili. Nikapiga hesabu ya milioni tatu ya yule wa kwanza, roho ikaniuma kidogo, nikakubali.

Mkataba tuliandikia kwa mwenyekiti wa mtaa, karatasi mbili. Malipo kwa hatua: msingi, kozi za dirishani, lenta, mkanda. Vifaa nanunua mimi. Nilitaka laki nne ibaki mikononi mwangu mpaka mvua za kwanza zipite. Hapo mzee aliweka kalamu chini. Akasema ana watoto shule na mvua ni ya Mungu. Tukavutana karibu saa nzima, mwenyekiti anatuangalia tu, tukaishia laki mbili.

Kazi haikuwa asali. Alipotea siku tisa kwenye msiba bila kuniambia, na simu alizima. Tuligombana kuhusu tofali: mimi nilitaka za kununua, ziko tayari, yeye akaokota moja pale kiwandani, akaliachia kutoka usawa wa kiuno, likawa mchanga. Akafyatulia kiwanjani, mfuko mmoja wa kilo 50 tofali 28 za inchi sita. Muuza tofali alikuwa anasema anatoa 45 na zinatosha. Kuna wakati nilihisi anatumia saruji yangu kama ya bure, nikaanza kuhesabu mifuko mitupu kila jioni. Hesabu ilikuja sawa siku zote, nikaona aibu, ila sikuacha kuhesabu.

Tulipaua Novemba. Mvua ikaanza Desemba, ikanyesha vibaya Januari. Nilikuwa naamka usiku natembea na tochi kona kwa kona.

Mwanzoni mwa Februari mzee alikuja bila kuitwa. Akapita kila chumba akigonga kuta kwa vifundo vya vidole, akasimama kwenye mlango wa jikoni. Juu yake palikuwa na mstari mwembamba kama unywele kwenye plasta. Mimi sikuwa nimeuona. Akautoa kwa ncha ya mwiko, akakuta tofali la nyuma yake ni zima, akachanganya saruji kidogo kwenye karai, akaziba, akanawa mikono. Ndipo akasema, “Mama, sasa ile laki mbili.”

Stoo bado ipo. Ufa umeshafika kwenye bati, na nafuga kuku humo.