Nilivyoifikia sifuri kamili kwa mrija na maji ya moto

Katika miaka yangu ya mwanzo ya kufundisha fizikia kidato cha tatu, nilizieleza sheria za gesi kwa chaki tu, na kila mwaka kosa lilikuwa lile lile: mwanafunzi akishaambiwa kwamba ujazo huenda sambamba na halijoto, huandika kuwa hewa iliyopashwa kutoka nyuzi 25 hadi nyuzi 50 za Selsiasi imeongezeka maradufu. Niliamua waone kwa macho yao.

Nilichukua mrija mwembamba wa kioo uliozibwa chini, ambao hewa yake ilifungiwa na tone la asidi ya salfuriki iliyokolea, nikaufunga kwenye rula kwa mipira miwili, kisha nikautumbukiza pamoja na kipimajoto katika bikari ndefu ya maji. Tone hilo hupanda na kushuka lenyewe, kwa hiyo kanieneo ya hewa iliyo ndani haibadiliki; na kwa kuwa mrija una upana ule ule kote, urefu wa hewa unatosha kusimama mahali pa ujazo. Asidi hufyonza unyevu pia, jambo ambalo wengi hulipuuza, ilhali mvuke wa maji huharibu vipimo vyote.

Mara ya kwanza nilishindwa. Nilisoma vipimo jiko likiwaka, hewa ikiwa bado haijafikia joto la maji, na mstari wa grafu ya urefu wa hewa dhidi ya halijoto ukakata mhimili wa halijoto karibu na nyuzi 320 chini ya sifuri.

Siku iliyofuata nilipasha maji hadi nyuzi 85, nikazima jiko, nikakoroga taratibu na kusoma maji yakipoa. Kwenye nyuzi 85 hewa ilikuwa na urefu wa milimita 90. Kwenye 50, milimita 81. Kwenye 25, milimita 75. Tulipourefusha mstari, ulikata mhimili kwenye nyuzi 275 chini ya sifuri, jirani kabisa na 273.15, ambayo ndiyo sifuri kamili, yaani halijoto ya chini kabisa iwezekanayo.

“Mwalimu, kumbe tulikuwa tunaanza kuhesabu katikati ya njia,” alisema mwanafunzi mmoja, na nilifurahi mno. Kwa Kelvini, kipimo kinachoanza kuhesabu kwenye sifuri kamili, nyuzi 25 ni 298, na ili ujazo uwe maradufu inatakiwa 596, yaani nyuzi 323 za Selsiasi.

Sehemu ya chini ya mstari huwa naichora kwa nukta, kwa sababu hewa halisi hugeuka kimiminika ikikaribia nyuzi 194 chini ya sifuri. Kutoka hapo ni gesi kamilifu pekee, yaani gesi ya kufikirika isiyogeuka kimiminika, inayoendelea.